Wasomaji Wanauliza: Duka la Akina Mama Mvua Zinapokatika

Barua za mwezi huu zimetoka Marsabit, Isiolo, Turkana na Longido, na karibu zote zimeandikwa na wanawake wa jamii za wafugaji. Wengi wanaeleza jambo moja: biashara ilikwenda vizuri hadi ukame ulipoingia. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu 5 mfululizo ilipita kaskazini mwa Kenya bila mvua ya kutosha, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini. Mteja wa duka la manyatta, hata akilipa kwa noti, noti hiyo imetokana na mbuzi. Bei ya mbuzi ikianguka, duka nalo linayumba. Kwa hiyo majibu yetu yanaanza na ukame, kisha ndiyo yanakuja kwenye mtaji.

Sisi ni wanawake 3. Tumepata mtaji wa shilingi 30,000 na tunataka kufungua duka. Tununue nini kwanza?
*Kikundi cha wanawake, Kargi, Marsabit*

Watatu ni idadi nzuri. Shirika la BOMA, ambalo kazi yake ilianzia Marsabit, liliujenga mpango wake juu ya vikundi vya wanawake 3, na faida yake mtaiona wenyewe: mmoja akienda kuteka maji na wa pili akiwa na mtoto mgonjwa, duka bado lina mtu.

Mtaji wote usiende kwenye bidhaa. Tengeni 18,000 za bidhaa, 3,000 za nauli na mizigo, 3,000 za mzani, kufuli, daftari na mbao za kuwekea magunia, na 6,000 zisizoguswa. Hizo za mwisho ndizo zitakazorudisha bidhaa kwenye rafu siku lori likichelewa au mwenzenu akifiwa.

Katika 18,000, tuchukulie bei hizi, nanyi mbadilishe kulingana na bei za Marsabit mjini wiki hiyo: gunia la sukari la kilo 50 kwa 7,000, bela 2 za unga kwa 4,000, mtungi wa mafuta wa lita 20 kwa 5,000, na 2,000 za majani ya chai, chumvi, sabuni ya mche, viberiti na tumbaku. Nguo, viatu na soda zisubiri. Zinapendeza rafuni lakini zinafunga fedha kwa miezi, na ukame ukija ndizo mtu anazoziacha kwanza. Sukari, majani na unga hununuliwa hata mwezi mbaya kuliko yote.

Piga hesabu ya sukari kabla ya kupanga bei. Gunia ni 7,000, kulisafirisha 300, jumla 7,300. Mkiuza kilo kwa 170, hamtauza kilo 50. Kilo 1 hupotea kwenye mzani na kumwagika. Kilo 49 zinaleta 8,330, faida 1,030. Mkiuza kwa robo kilo kwa shilingi 45, upotevu unafika kilo 2, lakini kilo 48 zinaleta 8,640, faida 1,340. Robo kilo inamfaa pia mteja asiye na fedha ya kilo nzima. Ila pimeni kwa mzani, si kwa kikombe. Kikombe kinachojazwa kwa kilima hula faida ya juma zima na hakuna anayeona.

Kargi iko pembeni mwa jangwa la Chalbi, na mvua ikinyesha barabara huwa tope ambalo lori halivuki kwa siku kadhaa. Kwa hiyo jazeni duka kabla ya mvua, si baada ya kuona mawingu. Magunia yakae juu ya mbao, yasiguse ukuta, na sukari ifunikwe kwa nailoni, maana ikinyonya unyevu inashikana na wateja wanaikataa.

Na watu wakihama? Mifugo inapopelekwa fora (kambi za malisho ya mbali), nusu ya wateja wenu wameondoka nayo. Mmoja wenu aandamane na bidhaa chache kwa punda au bodaboda: sukari, majani, tumbaku, betri za tochi. Huko fora bei huwa juu kidogo na hakuna duka jingine.

Ukame ulipokolea nilikuwa nadai watu 41,000. Ni mashemeji, mama mkwe na majirani. Kuwanyima ni aibu, kuwapa ni kufunga duka. Nifanyeje?
*Mwenye duka, Laisamis*

Dada, deni linaua maduka mengi kuliko ukame wenyewe. Rudi kwenye gunia la sukari hapo juu. Faida yake ni 1,030. Kilo 6 zikikopwa zisilipwe, ni 1,020. Gunia zima limebaki na faida ya shilingi 10.

Deni la zamani kwanza. Usimfuate kila mtu kwa nguvu moja. Fungua daftari uwagawe wadaiwa mafungu. Wapo wenye fedha inayojulikana siku yake: walimu, walinzi, wanaopokea fedha za HSNP (mpango wa serikali wa kuzipa fedha kaya maskini za maeneo kame), wenye mtoto mjini anayetuma M-Pesa. Hao wape tarehe ya kulipa inayofuata siku yao ya kupokea, kidogo kidogo. Kumbuka kwamba fedha za HSNP huchelewa, basi usiagize bidhaa kwa kutegemea tarehe hiyo. Wapo wenye mifugo bado. Na wapo waliopoteza kila kitu. Deni la hao wa mwisho lisimamishe waziwazi, uwaambie, wasianze kukukwepa njiani. Mtu anayekukwepa hanunui tena kwako hata akipata fedha.

Mwenye mbuzi akitaka kulipa kwa mbuzi, mpokee, lakini kwa bei ya sokoni siku hiyo. Kama mwaka jana mbuzi wake angefika 4,000 na leo Merille wananunua kwa 2,500, na kumfikisha sokoni ni 200, basi deni linalofutwa ni 2,300. Muuze siku ya soko inayofuata. Wakati wa ukame mbuzi hupungua uzito kila siku na bei hushuka huku bei ya unga ikipanda. Ukimweka boma akusubiri, unapoteza pande zote mbili.

Sasa sheria ya mbele. Mamlaka ya Taifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa kila mwezi kwa kila kaunti kame, ikionyesha hali ni ya Kawaida, Tahadhari, Hatari, Dharura au Kupona. Muulize chifu au afisa wa wadi. Funga mkopo wako kwa ngazi hizo. Hali ikiwa ya Kawaida, madeni yote yakijumlishwa yasizidi robo ya thamani ya bidhaa dukani. Ikiingia Tahadhari, hakuna deni jipya kabla la zamani kulipwa. Ikiingia Hatari, ni fedha taslimu tu. Kinachofanya sheria hii ishike ni wakati wa kuitangaza: itangaze mbele ya wazee na wanawake wenzako wakati nyasi ni mbichi na maziwa yapo. Mtu aliyeisikia wakati huo hataona umemkusudia yeye siku utakapomwambia hapana.

Mama mkwe, hata hivyo, hawezi kurudi mikono mitupu, na hatukushauri umrudishe. Tenga kiasi cha msaada kinachojulikana, tuseme kilo 4 za unga kwa wiki kutoka kwenye faida, kikae kwenye debe lake. Kinachotoka humo ni zawadi, hakiandikwi deni. Kikiisha, kimeisha hadi wiki ijayo. Tatizo ni kuchanganya msaada na mkopo kwenye daftari moja; hapo ndipo mtu anapoudhika, na wewe unapopoteza hesabu.

Kama hamjui kuandika, kila mdaiwa awe na ukurasa wenye alama yake (alama ya masikio ya mifugo yake inafaa sana, kila mtu anaijua), mstari mmoja kwa kila kilo, na kidole gumba mwishoni. Yeye naye awe na kadi yenye mistari ileile. Ugomvi mwingi wa madeni si wa watu kukataa kulipa. Ni wa hesabu mbili zisizolingana.

Ukame ukija ng'ombe na ngamia huuzwa kwa bei ya kutupa. Je, nyirinyiri inaweza kuwa biashara ya kikundi?
*Moyale*

Inaweza, na katika biashara zote tunazozijua hii ndiyo inayofuata ukame badala ya kuukimbia: malighafi inakuwa rahisi wakati huohuo bidhaa inapohitajika, na nyirinyiri (nyama iliyokaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta) iliyotengenezwa vizuri hukaa miezi bila friji.

Mnyama anunuliwe angali na nyama mwilini, yaani ngazi ya Hatari inapoanza, si wakati anapoinuliwa kwa mikono. Na achinjwe. Mnyama aliyekufa mwenyewe, hata kama alikuwa mnene, haingii kwenye sufuria. Kimeta huua ghafla, na kumpasua tu mnyama wa kimeta kunaweza kumwambukiza mchinjaji. Afisa wa mifugo apige muhuri kabla ya kazi kuanza.

Ondoa mifupa, mafuta na mishipa. Kata nyama vipande virefu vya unene wa kidole, vianike kwenye kamba kivulini penye upepo, chini ya wavu wa kuzuia inzi, hadi viwe vikavu juu na bado laini kidogo ndani. Kisha vikate vipande vidogo sana, kama punje kubwa za mahindi, ukaange kwenye mafuta kwa moto wa wastani ukikoroga. Sikiliza sufuria. Mafuta yanayotoa povu na kuchachatika yanasema bado kuna maji ndani ya nyama. Povu likitulia na sauti ikapungua, chuja, acha ipoe kabisa, itie kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, halafu mwagia samli au mafuta ya nundu yaliyoyeyushwa mpaka yafunike nyama yote.

Inaharibika kwa makosa matatu, karibu kila mara. Nyama imeepuliwa mapema povu likiwa bado lipo, ikaota ukungu. Chombo kimefungwa ikiwa ya moto, mvuke ukageuka matone chini ya mfuniko. Au mafuta yaliyotumika yamekwisha kaangiwa mara nyingi, yakatoa harufu kali baada ya wiki chache.

Bei sasa. Nyama mbichi ni maji kwa karibu robo tatu ya uzito wake. Kilo 10 za steki hazitawapa hata kilo 4 za nyirinyiri. Kikundi kinachouza kilo ya nyirinyiri kwa bei ya kilo 2 za nyama mbichi kinauza kwa hasara, hata kabla ya kuhesabu mafuta na kuni.

Sisi ni Waislamu. Tunataka sanduku la akiba na mikopo lakini tunaogopa riba.
*Garba Tulla, Isiolo*

Hofu yenu ni ya haki, na haiwazuii. Vikundi vya akiba vya sanduku lenye kufuli 3, funguo zikishikwa na watu 3 tofauti, vilianzia Niger mwaka 1991, nchi yenye Waislamu wengi. Sehemu ya akiba haina shida: kila wiki mwanachama ananunua hisa 1 hadi 5, na mwisho wa mwaka mnagawana.

Shida iko kwenye ada ya mkopo inayohesabiwa kwa asilimia. Ziko njia mbili za kuiepuka. Ya kwanza ni mkopo mwema: anayechukua 5,000 anarudisha 5,000, basi. Ya pili ni murabaha. Mwanachama anataka bidhaa za 7,000. Kikundi kinazinunua chenyewe, zinakuwa mali ya kikundi na mikononi mwake, ndipo kinamuuzia kwa 7,500 alipe 1,500 kila wiki kwa wiki 5. Bei inajulikana siku ya kwanza na haiongezeki akichelewa. Mkimpa fedha taslimu akanunue mwenyewe kisha arudishe 7,500, hiyo ni riba iliyobadilishwa jina. Faini ya kuchelewa, kama mnaiweka, iende sadaka, isiingie kwenye faida. Mwiteni sheikh wenu akae nanyi mkutano wa kwanza asome kanuni zenu. Wengine watajiunga kwa sababu yeye amezisikia.

Maziwa yetu ya ngamia yanafika Eastleigh yamechacha na wanunuzi wanayarudisha. Tatizo ni basi?
*Isiolo*

Safari ina mchango wake, lakini mara nyingi maziwa yameshaharibika kabla ya kupanda basi. Maziwa ya ngamia hustahimili joto kuliko ya ng'ombe, na wanawake wa Isiolo, wakiwemo wa ushirika wa Anolei, wamekuwa wakiyapeleka Nairobi kwa njia hiyohiyo. Tazameni chombo.

Mtungi wa plastiki uliokuwa wa mafuta ya kupikia una mdomo ambao mkono hauingii, na ndani una mikwaruzo inayoficha mabaki ya jana. Badilisheni polepole kwa kopo la alumini lenye mdomo mpana. Kuosha: maji baridi kwanza, kwa kuwa ya moto huyapika maziwa yakagandamana ukutani, kisha maji ya moto na sabuni, mkisugua kwa mkono, kisha suuza na kukausha chombo kikiwa kimepinduliwa. Kufukiza kwa moshi wa mti mnaoujua kunafaa, ila juu ya chombo safi. Moshi hauondoi uchafu.

Kosa la pili ni kumimina maziwa ya kila mtu pamoja. Mtungi mmoja mbaya unaharibu lita 100. Kila chombo kipimwe kwanza: nusa, kisha chemsha kijiko kimoja, yakikatika, chombo hicho kiwekwe kando. Ya jana jioni yasichanganywe na ya leo asubuhi. Vyombo vinavyosubiri vifungwe gunia lililolowa na vikae kivulini penye upepo. Katika hewa kavu ya Isiolo, gunia linalokauka hupunguza joto.

Yaliyokataliwa kwa uchachu mdogo msiyapeleke Nairobi kwa bahati nasibu. Ni bora kila siku kutenga sehemu ya maziwa mazuri kwa suusac, yaani mtindi wa ngamia: chemsha, yapoe hadi vuguvugu, tia kikombe kimoja (mililita 250) cha suusac nzuri ya jana kwa kila lita 10, funika hadi kesho. Mwambieni mteja mgeni kwamba mtindi wa ngamia haugandi kama wa ng'ombe, hubaki mwepesi, asidhani mmeongeza maji. Na maziwa ya ngamia anayetibiwa kwa dawa za sindano yasiuzwe hadi siku alizotaja mtaalamu wa mifugo ziishe.

Shikamooni. Tunaomba mkopo wa halmashauri ili tununue mbuzi 20 tuwanenepeshe. Ni wazo zuri?
*Kikundi cha akina mama, Longido, Tanzania*

Marahaba. Mkopo wenyewe ni mzuri. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, nao hauna riba. Ulisimamishwa Aprili 2023 na ukarudishwa 2024. Lakini marejesho hayangoji mvua, kwa hiyo ombeni ratiba inayoanza baada ya mauzo ya kwanza.

Mbuzi wa kilo 20 anahitaji chakula kikavu karibu asilimia 3 ya uzito wake, yaani gramu 600 kwa siku. Mbuzi 20 ni kilo 12 kwa siku, na kwa siku 90 ni kilo 1,080. Kama hamna tani moja ya nyasi kavu na mabua ghalani, au mvua iliyokwisha kunyesha na kuotesha, msinunue. Kwa ongezeko la gramu 50 kwa siku, kila mbuzi ataongeza kilo 4 na nusu. Ulizeni wanunuzi wa Namanga wanalipa nini kwa tofauti hiyo, mtoe humo gharama za chanjo ya sotoka ya mbuzi, dawa ya minyoo na mshahara wa mchungaji, ndipo mwamue.

Sisi tungenunua mbuzi 10. Nusu nyingine tungeinunulia mahindi baada ya mavuno, bei ikiwa chini, tukayahifadhi kwenye mifuko ya PICS (mifuko miwili ya plastiki ndani ya mmoja wa nje, kila mmoja ukifungwa peke yake) na kuyauza bei ikipanda. Mvua zikikosa, mbuzi watashuka bei na mahindi yatapanda. Zikinyesha vizuri, ni kinyume chake. Jambo moja likianguka, jingine linalipa rejesho.

Mume wangu anachukua fedha za duka. Nifanyeje bila kuvunja nyumba?
*Jina limehifadhiwa, Turkana*

Mama, ikiwa kuna vitisho au kipigo, nenda kwa wazee unaowaamini, chifu au dawati la jinsia polisi kabla ya kufikiria duka. Kama ni mazoea tu, toa fedha nyumbani. Laini ya M-Pesa isajiliwe kwa kitambulisho chako, na mauzo ya kila jioni yaingizwe humo, zibaki shilingi chache tu za chenji. Ukiwa na wenzako wawili ni rahisi zaidi, kwani fedha ni za watatu na kuzitoa kunahitaji watatu. Na mpe mume kazi halali dukani, kama kusimamia mzigo unaposhushwa au kwenda sokoni na mbuzi wa madeni, kwa malipo yanayoandikwa.

Faida tukinunua mbuzi zote, kuna ubaya?
*Lodwar*

Upo. Mtakuwa mmeirudisha fedha yote palepale ilipokuwa ukame ulipowakuta. Theluthi moja iende kwenye mbuzi jike, theluthi kwenye bidhaa, theluthi kwenye sanduku au M-Pesa. Na kwa mifugo mliyo nayo, ulizeni kuhusu bima ya mifugo iliyoanza kutolewa Marsabit mwaka 2010. Inalipa kwa kupima kwa setilaiti jinsi malisho ya eneo lenu yalivyokauka, kwa hiyo hamhitaji kuonyesha mzoga. Hailipi mbuzi aliyekufa kwa ugonjwa au kuibiwa. Ulizeni siku ya mwisho ya kulipia kabla ya msimu kuanza, kwa sababu dirisha hufungwa mvua ikikaribia, na anayekuja na fedha baada ya kuona anga limekauka huambiwa arudi msimu ujao.